Zimwi katika Mwanga Mpya: Nakala Safi, Nakala Chakavu na Usomaji wa Filamu ya The Thing Ukambani

Uhakiki wa filamu katika vyuo vikuu vyetu umezoea kuichukulia filamu kuwa matini moja isiyobadilika. Mhakiki hutaja jina la filamu, mwelekezi wake na mwaka iliotolewa, kisha huingia moja kwa moja katika wahusika, dhamira na mandhari. Ni nadra aeleze aliitazama katika nakala gani. Mtafiti wa fasihi simulizi hathubutu kufanya hivyo. Anapoandika kuhusu ngano iliyokusanywa Mutomo au Kibwezi, hulazimika kusema ilisimuliwa na nani, mbele ya hadhira ipi na katika mazingira yapi, kwa sababu anajua kwamba utendaji ukibadilika, ngano nayo hubadilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba filamu nayo ina utendaji wake, na kwamba nakala zilizokarabatiwa kwa ung'avu wa juu kabisa, zile zilizozoeleka kwa jina la 4K, zimelifanya jambo hilo lisiweze kupuuzwa tena.

Filamu tuliyoichagua ni The Thing ya John Carpenter, iliyotolewa Marekani tarehe 25 Juni 1982. Ni bunilizi ya kisayansi, tena ni filamu iliyotengenezwa upya. Chimbuko lake ni hadithi ya John W. Campbell ya mwaka 1938, Who Goes There?, ambayo ilifanyiwa filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1951 kwa jina la The Thing from Another World, ikaelekezwa na Christian Nyby chini ya utayarishaji wa Howard Hawks. Katika filamu hiyo ya kwanza, kiumbe kutoka angani ni jitu lenye asili ya mmea. Ukiliona tu unajua si mtu. Carpenter aliliacha jitu hilo, akairudia hadithi ya Campbell. Kitu chake hakina umbo lake chenyewe. Humvamia kiumbe hai, kikammeza, kisha kikamwiga kwa ukamilifu: sura, sauti, hata mazoea. Wanaume kumi na wawili wa kituo cha utafiti huko Antaktika wanajikuta hawajui tena ni nani kati yao aliye mtu na ni nani aliye mwigo.

Filamu hii haikupokewa vizuri ilipotoka. Ilifuata wiki mbili baada ya E.T., na watazamaji wa Marekani walikuwa wamempenda mgeni mwema kutoka angani kuliko mgeni mla watu. Heshima iliyo nayo leo ilijengwa polepole, na kwa sehemu kubwa ilijengwa na kanda za video. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Nakala ya 4K iliyotolewa na kampuni ya Universal mwaka 2021 inadai kuturudishia filamu ya 1982, ilhali filamu iliyopendwa na wengi ni ile ya kanda.

Zimwi na mdomo wa pili

Msomaji aliyelelewa kwa ngano za Ukambani hahitaji kufundishwa hofu inayoiendesha filamu hii. Katika ngano za Wakamba na za majirani wao, zimwi, eimu kwa Kikamba, haliji kila mara likiwa limevaa utisho wake. Katika baadhi ya masimulizi huja kama kijana mtanashati, likamshinda kila mchumba ngomani, likaondoka na msichana. Siri yake ni mdomo wa pili ulio kisogoni, umefunikwa na nywele. Gerhard Lindblom, Msweden aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakamba mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliziandika ngano nyingi za viumbe wa aina hii. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha mkusanyo wake, Akamba Stories, mwaka 1966. Kazi hizi mbili zinatosha kuonyesha kwamba mwigo wa binadamu ni dhamira ya zamani sana katika eneo hili, hata kama chombo cha angani hakimo.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa ya kifani. Katika ngano, hadhira hujua kabla ya mhusika. Fanani hudokeza mapema kwamba kijana yule si kijana. Watoto waliokaa motoni hutetemeka kwa sababu msichana hajui wanachokijua wao. Filamu ya Carpenter haina fanani. Hakuna sauti inayotudokezea lolote, na kamera haimpi mtazamaji nafasi ya juu kuliko waliomo. Methali yetu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kitu cha Carpenter kinaipindua methali hiyo: kinakujua hadi chembe ya mwisho ya damu, na kwa sababu hiyohiyo hakibakizi kitu. Basi mtazamaji ameachwa na macho yake tu. Nakala chafu au nakala safi, kwa filamu kama hii, ni tofauti katika kiini cha maana.

Kilichokuwa pembeni

Tuanze na fremu. Carpenter na mpigapicha wake, Dean Cundey, walitumia fremu pana ambayo upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Televisheni za zamani zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3. Ili picha ijae kiooni, watengenezaji wa kanda nyingi za video walikata pande zake, na kwa fremu kama hii takriban asilimia 43 ya picha hupotea. Katika filamu ya mapenzi hasara hiyo huvumilika. Katika The Thing ni msiba, kwa maana shaka yote imepangwa kwa upana: mmoja anazungumza katikati, wengine wako kando wanamtazama, na mtazamaji anatakiwa ajiulize ni nani hayupo. Katika onyesho mashuhuri la kupima damu, MacReady anachoma waya na kuugusisha kwenye vijisahani vya damu, huku baadhi ya wenzake wamefungwa kwa kamba mbele yake. Fremu pana inawaweka waliofungwa bega kwa bega, mtu na asiye mtu kwenye kiti kimoja. Kanda iliyokatwa inawatenganisha. Mmoja akionyeshwa, mwingine hayupo. Mkataji wa kanda amekuwa mwelekezi wa pili bila kuajiriwa.

Haki itendeke hapa: fremu pana haikurudishwa na 4K. Ilirudi mapema zaidi, katika diski zilizotangulia. Kilicholetwa na nakala mpya ni undani ndani ya fremu hiyo. Kanda ya VHS ilibeba takriban mistari 240 ya undani. Nakala ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane katika kila picha, tena ina masafa mapana zaidi kati ya giza na mwanga. Chembechembe za mkanda wa milimita 35 zinaonekana zikicheza, na giza la kibanda cha mbwa, ambalo katika kanda lilikuwa tope jeusi, sasa lina tabaka.

Pumzi ya Childs

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwisho wa filamu. Kituo kinateketea. MacReady na Childs wamekaa kwenye theluji wakipokezana chupa, na hakuna anayejua kama mwenzake ni mtu. Pumzi ya MacReady inatoka nzito, nyeupe, dhahiri. Ya Childs, katika kanda iliyochakaa, haionekani kabisa. Kutokana na hilo, usomaji mzima ulizuka duniani kote: Childs hapumui, kwa hiyo Childs ndiye Kitu. Nakala safi inaonyesha kwamba pumzi ya Childs ipo. Ni nyembamba, kwa sababu mwanga wa moto unamwangukia kwa namna nyingine, lakini ipo.

Baadhi ya wahakiki watashawishika kuuokoa usomaji ule kwa kuuita usomaji mbadala, kwa hoja kwamba maana huumbwa na hadhira. Hatukubaliani nao. Usomaji huo haukutokana na uhuru wa hadhira. Ulijengwa juu ya ushahidi ambao filamu haikuutoa, na ulidhania kanuni, kwamba mwigo haupumui, ambayo haitajwi popote katika filamu. Ushahidi ukianguka, hoja ianguke nao. Tukikubali kila kosa la nakala kuwa tafsiri, hatutakuwa na haki ya kumkosoa mwanafunzi anayekosea mstari wa shairi na kisha kuufafanua kwa ustadi.

Hata hivyo, usomaji huo uliokufa unatufundisha jambo kuhusu filamu yenyewe. Watazamaji walikuwa wakiutafuta mdomo wa pili. Filamu iliwanyima fanani, nao wakajitwika kazi yake: walichungulia kisogo cha kila mhusika. Nakala ya 4K imewaondolea alama moja, ikawapa maelfu mengine ya kuchungulia. Mtazamaji wa leo husimamisha picha, akaikuza, akarudi nyuma. Amekuwa mpelelezi. Hofu ya kutojua imegeuka mazoezi ya kuthibitisha, na sidhani faida hiyo inafidia hasara yake yote.

Kanda ndani ya kanda

Kuna sehemu moja ya filamu ambayo, kwa maoni yetu, nakala safi imeibadilisha zaidi kuliko nyingine yoyote, na imezungumziwa kidogo mno. Mapema katika hadithi, Wamarekani wanakitembelea kituo cha Wanorwe kilichoteketea na kurudi na kanda za video. Wanazicheza. Katika kioo cha televisheni, kwa picha hafifu, wanaonekana watu wamesambaa juu ya barafu wakilipima umbo la kitu kikubwa kilichozama chini yao. Picha hiyo imechukuliwa moja kwa moja kutoka katika wazo la filamu ya 1951, ambamo wanaume hushikana wakiwa wamesimama kulizunguka umbo la chombo chini ya barafu. Kwa maneno mengine, filamu iliyotengenezwa upya imemhifadhi mtangulizi wake ndani yake, na imemhifadhi kwa sura ya kanda mbovu.

Katika nakala ya 4K, tofauti ni kali. Ngozi za wanaotazama, vitambaa vya makoti yao, vumbi la chumba, vyote viko wazi. Kilicho ndani ya kioo ni ukungu. Mtazamaji anasimama upande wa walio wazi. Yeye na wao wanaitazama kanda kutoka juu, kama watu wa wakati huu wanaochungulia wakati uliopita.

Tumfikirie sasa mtazamaji wa miaka ya 1990 katika kibanda cha video, tuseme Emali, Mtito Andei, Mwingi au Kabati. Makueni yenyewe ilikuwa wilaya changa, imetengwa na Machakos mwaka 1992. Mahali ambapo waya wa umeme haukufika, televisheni na deki viliendeshwa kwa jenereta, au televisheni ndogo kwa betri ya gari. Kanda ilikuwa imenakiliwa kutoka nakala ya nakala, na vumbi la nchi kavu halina huruma kwa vichwa vya deki. Filamu ya aina hii ikionyeshwa hapo, ukungu ulikuwa kila mahali. Kanda ya Wanorwe na filamu inayoizunguka vilikuwa na sura moja. Wamarekani wa Carpenter wamekaa kwenye chumba wakitazama kanda chakavu, katika lugha wasiyoijua, wakijaribu kukisia kilichowapata wenye kanda. Mtazamaji wa kibandani amekaa kwenye benchi akifanya jambo hilohilo. Hakuna nakala safi inayoweza kuumba upya ulinganifu huo. Huu si ushahidi wa uongo kama ule wa pumzi. Hali ya kutazama iliyomo ndani ya hadithi imekutana na hali ya kutazama iliyo nje yake, na filamu, yenye kanda katikati yake, ilikuwa tayari kupokea mkutano huo.

Suala la lugha linazidi kuukaza uhusiano huu. Filamu inaanza na Mnorwe akimkimbiza mbwa na kumfyatulia risasi. Anapiga kelele, anaonya kwamba yule si mbwa. Hakuna anayemwelewa, na filamu haimtafsirii mtazamaji wa Kiingereza. Anapigwa risasi, mbwa anakaribishwa ndani. Maafa yote yanayofuata yana chanzo kimoja: hapakuwa na wa kufasiri.

Vibanda vya Afrika Mashariki vilikuwa naye. Uganda walimwita VJ. Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Matthias Krings ameichunguza kazi ya wasimulizi hao katika African Appropriations (2015). Kenya, DJ Afro amejipatia hadhira kubwa kwa kuzisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mitaani, na diski zake zimesambaa hadi masoko ya mashambani. Hata pasipokuwa na msimulizi mwenye jina, alikuwepo mara nyingi mtazamaji aliyewahi kuiona kanda, ambaye hakuweza kunyamaza. Mtu huyo akisema, "Huyo si mbwa!" dakika ya pili, ameirudisha filamu katika kanuni ya ngano: hadhira inajua, wahusika hawajui. Kwa mtazamo wa Carpenter ameiharibu. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi ya Ukambani, ameikamilisha. Albert Lord alikwisha kutuonyesha mwaka 1960 kwamba katika utungo simulizi kila utendaji ni asili yake yenyewe. Filamu iliyotengenezwa upya na kusimuliwa upya haiwezi kupimwa kwa kuulizwa tu imekaribia vipi ile ya kwanza.

Kurejesha nini?

Neno ukarabati linaficha mambo mawili yasiyofanana. Unaweza kukirejesha kitu, na unaweza kuirejesha hali ya kukitazama. Mfano mzuri ni The War of the Worlds ya 1953, iliyoelekezwa na Byron Haskin na kutengenezwa upya na Steven Spielberg mwaka 2005. Vyombo vya Wamirihi vilining'inizwa kwa waya. Katika nakala za rangi za wakati huo waya hizo zilimezwa na picha. Nakala za baadaye zikazianika, na vizazi viwili vya watazamaji vikazicheka. Katika ukarabati wa 2018 waya zilifutwa kwa kompyuta. Waliofanya hivyo walikiondoa kitu kilichokuwepo mbele ya kamera ili wamrudishie mtazamaji kile alichokiona mtazamaji wa 1953. Tunawaunga mkono, lakini ni muhimu kutambua kwamba walichagua hali ya kutazama dhidi ya kitu.

Nakala mpya ya The Thing imeelekea upande mwingine. Mandhari ya shimo la barafu yaliyochorwa na Albert Whitlock sasa yanadhihirika kuwa mchoro, mzuri sana, lakini mchoro. Kazi ya Rob Bottin, aliyeyaunda maumbo ya Kitu akiwa na umri wa miaka 22, imeanikwa pia: mpira, majimaji, viungo vya bandia. Ajabu ni kwamba imestahimili. Kifua cha Norris kinapofunguka na kuikata mikono ya daktari, undani mwingi hauipunguzi karaha, huiongeza, kwa sababu kilichomo ni maada halisi inayong'aa kwa unyevu. Filamu ya 2011 yenye jina hilohilo, ambayo maumbo yake mengi yalifunikwa kwa picha za kompyuta, haikupata bahati hiyo.

Ni lazima pia tukumbuke kwamba nakala ya 4K haifiki kwa wengi ikiwa nzima. Inahitaji diski, kisomeshi chake na televisheni kubwa. Mwanafunzi wa Wote au Kwa Vonza ana uwezekano mkubwa wa kuitazama filamu hii kwenye simu, imebanwa ili ipite katika mtandao, na giza lile lenye tabaka limevunjika vipande vya mraba. Nakala hiyo nayo ina sifa zake na makosa yake, na tasnifu inayoitegemea ingefaa kusema hivyo katika sura ya mbinu za utafiti, kama inavyotaja siku ya kurekodi ngano.

Upande wa pili wa suala hili uko Wakaliga, Kampala. Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kisha akaifuta filamu ya asili ili apate nafasi katika kompyuta ya kutengenezea nyingine. Iliyobaki ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Hakuna mkarabati atakayeitoa sauti hiyo na kuikuta filamu tupu chini yake. Msimulizi ameingia ndani ya matini na hatoki. Kwa vibanda vya Kitui na Makueni hali ni kinyume: filamu zimehifadhiwa ughaibuni kwa ung'avu ambao hata waliozitengeneza hawakuuota, na sauti zilizozisimulia hazikuhifadhiwa na yeyote. Wengi wa waliokaa kwenye mabenchi hayo wangali na umri wa kukumbuka, na mtafiti mwenye kinasa sauti anaweza kuanzia Kibwezi au Mwingi kesho. Ikiwa kanda hii iliwapitia, swali la kwanza ni fupi: yule Mnorwe alipopiga kelele mwanzoni, aliyekuwa akisimulia alisema nini?